Orodha Mbili za Melini

Mwaka jana niliwapa wanafunzi wangu hapa Nyegezi kazi ya kuandika insha juu ya safari ya starehe majini. Nilizisoma insha zao barazani kwangu, jioni baada ya jioni, mahali ambapo Ghuba ya Mwanza huonekana katikati ya majabali mawili, na kabla sijafika nusu yake nilikuwa nimekwisha kushiba kwa macho. Karibu wote walikuwa wameandika habari za meli kubwa za ng'ambo, zile zinazofanana na majumba ya ghorofa yaliyowekwa juu ya maji, ambazo meza zake haziondolewi usiku wala mchana. Palikuwa na kamba wa baharini, jibini za namna namna, na mikate iliyosukwa kama nywele. Hapana hata mmoja wao aliyepata kusafiri kwa meli ya namna hiyo. Hilo si kosa. Mwandishi ana ruhusa ya kwenda asikofika. Walakini mmoja wao, kijana hodari, alikuwa mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, mtu aliyekuwa akivuka ziwa kwa meli tangu utoto wake. Nilimwita.

"Umevuka maji haya mara ngapi?" nilimwuliza.

"Sijapata kuhesabu, Mwalimu."

"Mbona basi hukuandika habari zake?"

"Ile ilikuwa safari ya kwenda shule, Mwalimu. Sisi tuliambiwa tuandike ya starehe."

Nilimkumbusha kwamba kisiwa chake ndicho kilichomlea Aniceti Kitereza, ambaye alimaliza kuandika kwa Kikerewe mwaka 1945 habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, kitabu ambacho hakikuchapishwa mpaka 1980, kwa Kiswahili alichokitia mwenyewe. Na kwamba katika kitabu kile chakula cha nyumbani kimeandikwa kwa heshima ambayo wengine huwawekea wafalme. Kijana aliitikia kwa adabu. Lakini jibu lake la kwanza sikuweza kulipangua. Limekaa nami tangu siku ile kama mgeni asiyeaga, na insha hii ndiyo njia yangu ya kumsindikiza.

Mtu afundishaye lugha hukimbilia maneno anapotatizwa na mambo. Neno abiria tumelipata kwa Waarabu, na asili yake ni mvukaji, mtu apitaye kutoka upande huu kwenda upande ule. Neno talii pia ni lao, na asili yake ni kusoma kwa makini, kuchungulia jambo mpaka lijulikane. Kwa kadiri ya lugha, basi, mtalii ni msomaji wa mahali, na abiria ni mpita njia. Meli nayo, msomaji asicheke, ilipata jina lake kwa mfuko wa barua, kwa kuwa merikebu za moshi zilizojulikana kwanza pwani zilikuwa zikichukua posta. Maneno haya yamekaa katika lugha moja bila ya ugomvi. Ugomvi umo katika vichwa vyetu, tunaposadiki kwamba mtu mmoja hawezi kuwa abiria na mtalii kwa tikiti moja.

Meli za starehe walizoziandika wanafunzi wangu si hadithi. Zilizo kubwa kabisa huchukua watu zaidi ya 5,000. Huja pwani yetu hasa katika miezi ya kaskazi, zikatia nanga Mombasa, Unguja na Dar es Salaam. Abiria hushuka asubuhi wakatembea mjini, wakanunua viungo na vinyago, na jioni hurudi melini kula. Jambo hili la kurudi kula hunishangaza kidogo. Mtu ametoka mbali kuja Unguja, naye huuacha pwezi wa Forodhani kwa sababu chakula chake kimekwisha kulipiwa katika nauli. Lakini sitaki kumhukumu. Mama yangu pia, kama nitakavyoeleza, alikuwa hashuki bandarini na njaa.

Kuna jambo lingine ambalo nililisoma siku moja likanifanya nifunge kitabu kwa muda. Katika mji wa Papenburg, Ujerumani, uko uwanja wa kuundia meli uitwao Meyer Werft, na leo sifa yake kubwa ni kuunda hizo meli za starehe. Uwanja huo huo, mwaka 1913, uliunda meli iliyoitwa Graf von Goetzen. Ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha maelfu, ikaletwa kwa bahari na kwa nchi kavu mpaka Kigoma, ikaungwa upya na kutiwa majini katika Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani waliizamisha kwa mikono yao wenyewe ili isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ilianza kazi kwa jina la Liemba. Kwa hiyo meli ya ndoto za wanafunzi wangu na meli iliyowachukua wavuvi na wachuuzi wa Kigoma kwa miongo mingi ni ndugu wa tumbo moja. Mmoja alibaki Ulaya akanenepa. Wa pili alipelekwa bara kufanya kazi.

Ziwa letu, ambalo wenyeji waliliita Nyanza kabla halijapewa jina la malkia wa Uingereza, lilipata mtalii wake wa kwanza wa Kizungu tarehe 3 Agosti, 1858. John Hanning Speke aliliona kutoka pande hizi za Mwanza, akaridhika kwamba ndilo chanzo cha mto Nili, akarudi alikotoka. Hakulivuka. Meli ya moshi ya kwanza, William Mackinnon, iliundwa Uskochi na kufunguliwa, na vipande vyake vikachukuliwa na wapagazi kuelekea ziwani wakati reli ilikuwa haijafika Kisumu. Ilitiwa majini mwaka 1900; reli ilifika mwaka uliofuata. Baada yake walikuja Winifred, Sybil na Clement Hill. Mackinnon alikuwa mkuu wa kampuni iliyotawala nchi hizi kwanza, na Clement Hill alikuwa mtumishi wa serikali mjini London. Majina yao yalipakwa rangi ubavuni mwa meli yakasomwa katika kila bandari. Majina ya wapagazi hayakupakwa popote.

Katika meli hizo starehe ilikuja mapema. Winston Churchill alipozuru mwaka 1907 alilivuka ziwa kutoka Kisumu mpaka Entebbe, na mwaka 1908 akatoa kitabu cha safari yake. Safari ya kulizunguka ziwa zima ikawa bidhaa ya kuuzwa kwa wageni: machweo upande mmoja, visiwa upande wa pili, na katikati meza yenye kitambaa cheupe. Daraja la tikiti siku zile lilifuata sana rangi ya mtu. Mwafrika alisafiri sitahani pamoja na mzigo wake, akala alichofunga nyumbani. Katika vitabu vingi vya wasafiri wa zama zile watu wa sitahani hutokea kama ndege wa ziwani wanavyotokea, wengi, wenye makelele, na wa kupendeza kwa mbali.

Victoria, meli ambayo imo katika moyo wa insha hii, ilianza kazi mwaka 1961. Nayo iliundwa Uskochi, ikafunguliwa, ikaletwa Mombasa, ikapandishwa reli mpaka Kisumu na kuungwa tena. Ilikuwa mali ya Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, na ilizunguka Kisumu, Musoma, Mwanza, Bukoba na Port Bell. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Victoria ikawa ya Tanzania. Mzunguko ule ulikatika, ikabaki zaidi njia ya Mwanza na Bukoba. Lakini madaraja matatu yalibaki, na chumba cha kulia kilibaki.

Nilipanda meli hiyo mara ya kwanza mwaka 1991, nikiwa na umri wa miaka tisa. Baba alikuwa Msukuma mwenye kazi mjini Mwanza, na Mama alikuwa mzaliwa wa pande za Bukoba. Kila mwisho wa mwaka, fedha zikiruhusu, alikwenda kumwona mama yake. Tikiti yetu ilikuwa ya daraja la tatu. Siku mbili kabla ya safari nyumba yetu ilikuwa ikinuka mafuta ya kukaangia. Mama alikuwa na kapu la ukindu lenye mikono miwili, na namna alivyolipanga sijapata kuona tena. Chini kabisa aliweka matobolwa, viazi vya Usukuma vilivyochemshwa na kukaushwa, kwa kuwa hivyo haviharibiki hata meli ikichelewa siku mbili. Juu yake walikaa sato wawili wa kukaanga waliofungwa katika karatasi, kisha viazi vitamu vya kuchemsha, kisha ndizi mbivu, na pembeni chupa ya chai iliyofungwa kwa kitambaa ili isigongane na kitu. Chumvi ilikuwa katika kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne. Nilimwuliza kwa nini amechukua samaki kwenda nao ziwani. Alisema samaki walio majini si wa kwako mpaka uwavue.

Daraja la tatu lilikuwa chini na lilikuwa limejaa. Waliowahi walipata mabao ya kukalia. Waliochelewa walitandika mikeka na khanga baina ya mizigo. Palikuwa na magunia, baiskeli, masufuria mapya yaliyopachikana, na kuku waliofungwa miguu ambao walikuwa wametulia kuliko watoto. Meli ilipoondoka na taa za bandari kuanza kurudi nyuma, watu wakaanza kufungua vyakula vyao. Hapo ndipo nilipojua kwamba sitaha ina sheria zake, na kwamba hakuna aliyekuwa ameziandika. Mtu hakufungua kapu lake peke yake. Alisema "Karibuni," na hakusema kwa midomo tu. Alisogeza chombo mpaka mkono wa jirani ukifikie. Jirani alikataa mara ya kwanza, akakubali mara ya pili, kisha akafungua lake. Baada ya nusu saa sikuweza kujua kipi kilitoka kwetu. Mzee mmoja Mhaya alitoa kitita cha kahawa ya kutafuna, akampa Mama punje chache kwa mikono miwili, na Mama akazipokea kwa mikono miwili, nami nikaona kwamba amekwisha kufika kwao hali tungali karibu na Mwanza.

Usingizi uliponikataa nilipanda ngazi. Nilifika kwenye mlango wa kioo, na nyuma yake palikuwa na chumba cha kulia cha madaraja ya juu. Nakumbuka vitambaa vyeupe, bilauri zilizong'aa, na uma zilizolala kushoto kwa kila sahani zikiwangoja watu waliokuwa wamekwisha kula. Mtumishi wa mezani, mzee mwenye koti jeupe, aliniona. Nilijitayarisha kukimbia.

"Umepotea, mwanangu?"

"Hapana. Nataka kuona."

Akanifungulia. Aliniuliza kama najua kusoma. Nilipomwambia najua, alichukua kadi kutoka mezani akanipa. Ilikuwa orodha ya vyakula, imepigwa chapa kwa mashine, na juu yake palikuwa na tarehe ya siku ile. Tarehe ndiyo iliyonistaajabisha. Maana yake palikuwa na mtu aliyekaa chini siku hiyohiyo akafikiri watu wale watakula nini, akaandika: supu kwanza, kisha samaki, kisha kuku na wali, kisha tunda. Nilisoma kwa sauti mpaka mwisho. Mzee alinisikiliza kama mwalimu asikilizavyo, kisha akanipa vipande viwili vya mkate vilivyopakwa siagi, akaniambia niende kwa mama yangu.

Mama aliniuliza nani amenipa, na kama nimeshukuru. Kisha akaukata mkate mara nne, akawagawia waliokuwa karibu. Nikamwuliza kwa nini sisi wa chini hatuna orodha.

"Orodha ya nini," alisema, "na kapu unaliona?"

Jibu lile lilinitosha kwa miaka mitano. Alfajiri Mama aliniamsha nione Bukoba. Kwanza kilitokea kisiwa cha Musira, cheusi, kama mnyama aliyelala mbele ya mlango. Kisha magenge nyuma yake yakaanza kupata rangi, kisha kijani cha migomba. Watu wote wa sitaha walisimama upande mmoja. Nimeona mandhari nyingine tangu siku ile, baadhi yake zikiwa na sifa kubwa na kiingilio, lakini sijapata kuona watu 300 wakinyamaza pamoja kwa ajili ya mlima.

Tarehe 21 Mei, 1996, siku ya Jumanne, asubuhi, meli ya Bukoba ilizama ikiwa inakaribia kumaliza safari yake ya kuja Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba na kupitia Kemondo. Iliruhusiwa kuchukua watu 430 na ilikuwa imechukua wengi zaidi kuliko hao. Waliokufa walipita 800. Hesabu yao hasa imetajwa kwa namna mbalimbali, na sababu ya kutofautiana kwake ni neno moja. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Waliolala vyumbani walikuwa wameandikwa majina. Waliokaa chini walikuwa wamekata tikiti tu, na tikiti haikujua jina la mtu. Taifa liliomboleza siku tatu, na wengi wa marehemu walizikwa Igoma, upande wa mashariki wa mji wetu.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne. Nakumbuka Mwanza ya wiki ile kwa ukimya wake zaidi kuliko kwa vilio. Redio ya jirani ilikuwa dirishani ili kila mtu asikie. Hatukuwa na ndugu katika meli ile, na Mama alilisema jambo hili mara nyingi, kama mtu anayeomba radhi. Jioni moja alikuwa akichambua mchele, akaacha mkono wake juu ya ungo.

"Na sisi wa chini," alisema, "wangetujuaje?"

Hakupanda meli tena kwa miaka ishirini na mitano. Alikwenda kwao kwa basi, akilizunguka ziwa kupitia Geita na Biharamulo. Hata njia hiyo ilikuwa na maji yake: pale Kigongo, kabla ya daraja kufunguliwa mwezi wa Juni, 2025, basi lilipanda kivuko kwenda Busisi. Mama alishuka, akasimama karibu na ukingo ameshika chuma, akafumba macho mpaka ng'ambo. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, kikiwa na ruhusa ya watu 101, na waliokufa wakapita 220, alinipigia simu nami nikiwa darasani. Swali lake la kwanza lilikuwa kama safari hii wanajua walikuwa wangapi. Sikuwa na jibu la kumpa.

Siku hizi maneno ya utalii wa ziwani yamekuwa mengi, nami nayapenda. Mwezi wa Februari, 2023 meli mpya yenye jina la Mwanza, iliyoundwa hapahapa katika bandari ya kusini, iliingizwa majini. Ina urefu wa mita 92.6 na nafasi za abiria 1,200. Tuna Saanane, kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, ambacho mtu wa mjini hufika kabla chai yake haijapoa. Tuna Rubondo, hifadhi tangu 1977, ambako sokwe walioletwa kutoka Ulaya katika miaka ya 1960 wamesahau utumwa wao na kuzaana msituni. Anayetaka kuwapeleka watu huko kwa meli nzuri na kuwalisha sato mezani atapata baraka zangu, na fedha zangu kama zitatosha. Mimi si adui wa kitambaa cheupe. Sikubaliani na wenzangu wanaodhani kwamba kula vizuri melini ni anasa ya kuigwa kwa wageni. Mzee yule wa koti jeupe alikuwa wa hapa, na kadi yake ilikuwa kazi ya adabu. Ninachokidai ni kwamba orodha ya vyakula ilitangulia kuandikwa, kila siku na tarehe yake, miaka mingi kabla ya orodha ya watu wa chini, na kwamba aliyeweza kuiandika ile angaliweza kuiandika na hii.

Mwezi wa Desemba, 2021, dada mkubwa wa Mama aliugua, akataka kumwona. Magoti ya Mama yalikuwa hayawezi tena kukunjwa siku nzima ndani ya basi. Victoria ilikuwa imerudi majini mwaka uliotangulia baada ya matengenezo makubwa, ikiwa na jina refu zaidi. Nilisema, "Mama, twende kwa meli." Alinyamaza siku tatu. Siku ya nne aliniambia ninunue tikiti, lakini nisimpe habari za bei.

Nilinunua tikiti za daraja la kwanza, chumba cha vitanda viwili. Nilipozileta alivaa miwani, akasogea dirishani.

"Jina langu wameliandika?"

Nilimwonyesha. Alilisoma herufi kwa herufi, akipitisha ukucha chini yake, na alipokuta la babu yangu limekosa herufi moja akasema hilo si kitu, watamjua.

Tuliondoka usiku. Nilimwomba asimame nami nje, akakubali kwa masharti ya kushika chuma. Mwanza ikionekana kutoka majini usiku huwa mji mwingine. Taa za vilima vya Bugando na Isamilo hupandana juu kama kwamba watu wamewasha moto mbinguni, na majabali yaliyo mchana mbele ya kila kitu huwa giza tupu baina yao. Baadaye, katika maji mapana, tuliona mbele yetu safu ndefu ya taa ndogo.

"Mji gani ule?"

"Si mji, Mama. Ni wavuvi wa dagaa."

Alizitazama kwa muda, midomo yake ikitikisika kidogo, nami nikatambua kwamba anazihesabu.

Katika chumba cha kulia hakutaka kuingia. Kapu lilikuwapo, si lile la ukindu, lakini mpango wake ulikuwa uleule, matobolwa chini. Nilimwambia kwamba kwa miaka thelathini nimetaka kumwona akikaa kwenye meza ile. Maneno haya sikuwa nimeyapanga. Yalitoka kabla sijajua kwamba ni kweli. Basi akaingia, akakaa ukingoni mwa kiti. Mhudumu, binti mwenye heshima, alimwamkia "Shikamoo, Mama," akampa orodha ya vyakula. Mama aliisoma yote, bei kwanza, kisha majina. Aliagiza sato na ugali. Alipoletewa alinawa mikono, akala kwa mkono wake kama alavyo nyumbani, polepole, mpaka mfupa wa mwisho, na binti akaja kumwuliza kama kimemtosha.

"Kimenitosha," alisema. "Aliyepika ni mtu wa wapi?"

Binti alisema ni mtu wa Muleba. Mama aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekwisha kujua.

Kisha akasimama, akachukua kapu lake, akaniambia anakwenda kunyosha miguu. Nilitaka kumfuata, alikataza. Nilirudi chumbani nikalala na viatu. Saa moja ilipita, nikashuka kumtafuta. Nilimkuta daraja la tatu, amekaa baina ya wanawake wawili wachuuzi, kapu liko wazi miguuni mwao, matobolwa yamepungua nusu. Alikuwa akisimulia jambo la kuchekesha kwa Kihaya. Aliponiona alinipa ishara ningoje, akamaliza hadithi yake, akaagana na kila mmoja kwa jina.

Tulipokuwa tukipanda ngazi, yeye mbele na mimi nyuma nikiyalinda magoti yake, alisimama kupumzika.

"Nimewauliza," alisema.

"Umewauliza nini?"

"Tikiti zao. Wamenionyesha. Wote wameandikwa."

Akaendelea kupanda. Usiku ule alilala kabla yangu. Alfajiri nilimwamsha, kama alivyoniamsha yeye miaka thelathini nyuma, na tukasimama nje kukitazama kisiwa cha Musira kikitoka gizani. Hakufumba macho. Meli ilipofunga kamba, aliitoa tikiti yake ndani ya kitabu cha sala, akaikunja mara nne, akaifunga katika pindo la khanga pamoja na fedha zake. Nilimwambia kwamba haina kazi tena, ilikuwa ya kwenda tu.

"Najua," alisema, akakaza fundo.